Baridi haina kosa: matege na mifupa ya mtoto wa nyanda za juu

Mwezi wa saba, Mbeya, kumpima mtoto huanza na kazi ya kumvua. Inatoka kofia ya sufu, linafuata blanketi, sweta la juu, sweta la ndani, soksi jozi mbili, ndipo mguu unaonekana. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu kutoka upande wa Uyole. "Daktari, huyu bado hasimami. Majirani wanasema miguu imepindwa na baridi." Vifundo vya mikono ya mtoto vilikuwa vipana, na nilipopapasa mbavu, vidole vyangu vilipita juu ya vinundu vilivyopangana kama shanga. Yalikuwa matege, na baridi ilikuwa inasingiziwa.

Mfupa wa mtoto ni kitu hai kinachojengwa kila siku. Karibu na ncha zake kuna tabaka la gegedu ambako urefu huongezeka, na gegedu hilo hukomazwa na kalsiamu na fosforasi. Madini yakipungua, mfupa hubaki kama tofali bichi: umbo linalo, lakini ukijengea kabla ya kulichoma, uzito wa ukuta utaliminya. Ndiyo maana mara nyingi miguu hupinda mtoto anapoanza kuibebesha mwili.

Anayeifungulia kalsiamu mlango wa kutoka utumbo kwenda kwenye damu ni vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa miale ya jua. Mwaka 1919, Kurt Huldschinsky, daktari wa watoto mjini Berlin, aliponya watoto wenye matege kwa kuwamulika na taa ya miale hiyo, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa ikijaa. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana, hivyo mtoto mchanga anategemea jua au matone ya vitamini hiyo.

Sasa tuiangalie baridi yetu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na Iringa inakaribia mita 1,600. Ubaridi huu unatokana na mwinuko, na mwinuko hauzuii miale. Hata mwezi wa sita, adhuhuri ya Mbeya jua huwa juu vya kutosha kutengeneza vitamini D. Kinachomnyima mtoto ni blanketi, na kioo cha dirisha nacho huzuia miale hiyo.

Lipo pia suala la saa. Tumezoea kuambiana "jua la asubuhi", lakini mwezi wa sita saa moja asubuhi jua la Mbeya ndiyo kwanza linachomoza, na miale yake ni dhaifu. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mwenye nacho, miale inatosha. Kwa msimu huo, hali hiyo huanza karibu saa nne na nusu. Robo saa hadi nusu saa, siku kadhaa kwa wiki, kofia kichwani, mikono na miguu wazi, bila kungoja ngozi iungue. Mtoto mwenye ualbino asianikwe juani. Huyo apewe matone kwa ushauri wa daktari.

Jua peke yake halimalizi kazi. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege katika nchi yenye jua tele walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D pekee. Mtoto anayekula ugali na mboga chache anaweza kuwa kwenye kundi hilo, kwa sababu mahindi yana kalsiamu kidogo, na faitati iliyomo huifunga hata hiyo iliyopo. Dawa iko jirani: kikombe cha maziwa ya Rungwe kina takriban miligramu 300, usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huliwa pamoja na mifupa yake, na ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozizoea. Bibi zetu wanaopika togwa kwa kimea cha ulezi wanapunguza faitati bila kuijua kwa jina.

Na haya yanatokea katika nyanda zinazolisha mikoa mingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano. Udumavu si matege, ila sahani isiyo na maziwa, dagaa wala mayai huweza kuchangia vyote viwili.

Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Chini ya miaka miwili, upinde kidogo wa miguu yote miwili ni kawaida. Nenda hospitali ukiona mguu mmoja tu umepinda, upinde unaozidi, mtoto asiyetembea hadi mwaka na nusu, au vifundo vilivyopanuka. Picha na kipimo cha damu vitaeleza. Matibabu ni vitamini D na kalsiamu kwa kipimo cha daktari, kwani vitamini D ikizidi hudhuru figo. Ukiwahi, mifupa mingi hunyooka yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Ukichelewa, huenda ikabidi upasuaji.

Bibi alirudi baada ya wiki sita. Kwenye picha mpya, ncha za mifupa zilikuwa na mstari mweupe mwembamba: tofali limeanza kuiva. Mjukuu alikuwa na kofia yake ya sufu, ila soksi bibi alikuwa amezitia mfukoni.