Kufunga Miwaridi ya Kutambaa

Somo letu leo ni la bustani. Tutazungumza juu ya mwaridi, lakini si ule wa kichaka kifupi. Ni ule wenye matawi marefu, unaopandwa kando ya ukuta au nguzo ya baraza, na ambao hustawi sana katika nchi za milimani kama Lushoto na Limuru.

Mwaridi huu huitwa wa kutambaa, lakini haujui kupanda. Tazameni mtango: una vikono vyembamba vinavyoshika kijiti. Tazameni maharage: shina lenyewe hujizungusha mtini. Mwaridi una miiba tu, nayo hunasa hapa na pale. Upepo ukivuma, tawi hulala chini. Kwa hiyo hauna budi kufungwa kwa mkono wa mtu.

Sasa, wengi wetu hulifunga tawi likiwa wima kama mlingoti. Kisha maua hutoka juu kabisa, karibu na mabati, na chini hubaki miiba mitupu. Kwa nini? Tawi lina macho kutoka chini hadi nchani. Ncha inayokua hutoa kitu, wataalamu hukiita auksini, ambacho huteremka ndani ya tawi na kuyazuia macho ya chini yasichipuke. Tawi likilazwa, kizuizi hicho hupungua, na macho mengi huamka. Kila jicho hutoa kitawi, na kitawi huchukua maua. Basi tawi lile lile, ambalo likisimama lingekupa maua machache kileleni, likilala hukupa safu nzima.

Tandaza nyaya ukutani kwa ulalo, moja juu ya nyingine, kila moja mbali na mwenzake sentimita 45 hivi. Kati ya waya na ukuta iwe nafasi ya vidole vinne, hewa ipate kupita, maana majani yanayokaa na maji hushikwa na ugonjwa wa madoa meusi. Yapeleke matawi kulia na kushoto, yangali machanga, yakikomaa huvunjika. Kwenye nguzo, yazungushe. Wala usilipitishe tawi nyuma ya waya, kwa kuwa likinenepa hutaweza kulitoa.

Tumia kamba ya mgomba iliyolowekwa, au kipande cha kitambaa kikuukuu. Zungusha kamba kwenye waya, ipishanishe katikati, kisha izungushe kwenye tawi, iwe kama tarakimu 8. Acha nafasi ya kidole kimoja.

Mimi nilifunga kwa waya mtupu, tena nikakaza. Mwaka ule nilijiona fundi kweli kweli! Mwaka wa tatu tawi lilikuwa limenenepa na kujikaba. Waya umezama ndani ya gome, na juu yake majani yote yamekauka. Nililikata kwa msumeno, tawi lililokuwa kubwa kuliko yote.

Sasa, mwalimu, wape wanafunzi kamba na kalamu mbili mbili. Kalamu moja ni waya, ya pili ni tawi. Fungeni fundo la 8, kisha izungusheni kalamu ya pili kwa vidole. Ikikwama, fungueni mfunge tena.