Kiungio kinachovuja hunyonya uchafu

Katika nyumba za Mwanga, Gungu na Ujiji, mjini Kigoma, dalili ya kwanza ya kiungio kuvuja mara nyingi ni ukoko mweupe unaoota polepole kwenye elbo au kwenye shingo ya koki. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, tena yamebeba magnesiamu na bikaboneti kwa wingi. Tone likijipenyeza na kukauka kabla halijadondoka, madini hayo hubaki. Basi ukiona ukoko, jua maji yanapita, hata kama ukigusa pako pakavu.

Wengi huupangusa wakaendelea na shughuli, au hufunga mpira wa tyubu. Mpira hupunguza mchirizi, ila upenyo unabaki. Kiungio kinachodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku, yaani lita kadhaa za maji, na kama kiko baada ya mita, unazilipia. Hata hivyo, madhara makubwa zaidi hutokea saa ambazo maji yamekatika.

Maji ya mji wetu husukumwa kwa pampu kutoka ziwani hadi kwenye matangi ya mlimani, kisha huteremka yenyewe majumbani. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban bari 1 ya msukumo. Maji yakikatika, yaliyobaki bombani huendelea kushuka kwa walio chini, na bomba linaloachwa tupu huvuta hewa kupitia kila upenyo. Upenyo ukiwa ardhini penye tope, au jirani na shimo la choo, huvuta na majitaka. Huduma ikirudi, uchafu huo ndio hutangulia kuingia kwenye ndoo. Mkoa wa Kigoma unayajua madhara ya maji machafu: Mei 2015 kipindupindu kiliua watu Kagunga, walikokusanyika maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi. Kule watu walikuwa wakichota ziwani, si bombani, lakini kinyesi kikishaingia kwenye maji ya kunywa hakichagui njia.

Kwa hiyo kiungio kibovu kitolewe, kiwekwe kipya. Anza na mita. Wakati maji yapo, funga koki zote za nyumbani uitazame. Ikizunguka, kuna mahali panavuja upande wako. Uvujaji wa kabla ya mita ni wa KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma; wapelekee taarifa mara moja.

Funga valvu iliyo karibu na mita, kisha fungua koki ya chini kabisa maji yaishe. Kwa bomba la chuma, tumia spana mbili: moja ishike bomba lisigeuke, nyingine ifungue kiungio. Ukitumia moja, nguvu huhamia kwenye kiungio kinachofuata, pengine kilichofichwa ukutani, na hapo unajitengenezea uvujaji wa pili. Kilichoganda, lainisha ukoko kwa siki, paka mafuta ya kulegeza kutu, usubiri saa chache. Kipande kikikatikia ndani, kikate mifereji miwili kwa ubapa wa msumeno wa chuma bila kugusa meno ya kiungio, kisha kikunje kwa ndani hadi kilegee.

Dukani nenda na kiungio cha zamani mkononi. Bomba la chuma la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 21, na la robo tatu karibu 27. Rula peke yake itakupotosha. Safisha meno ya bomba kwa brashi ya waya. Zungusha tepu nyeupe mara nne hivi kufuata upande wa kukaza, kwa sababu ukiizungusha kinyume itajikunja na kutoka. Acha jino la kwanza wazi, ili vipande vya tepu visiingie kwenye maji na kuziba koki.

Kiungio cha plastiki kinachopokea meno ya chuma kaza kwa mkono, kisha ongeza mzunguko mmoja tu kwa spana. Ukizidisha, hupasuka. PVC iliyogundishwa haifunguki; ikate, kausha ncha zake kabisa, gundisha kipande kipya, na uache gundi ishike kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Bomba la plastiki la PPR huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260, kwa hiyo mwite fundi.

Rudisha maji taratibu, koki moja ikiwa wazi hewa itoke, na uyamwage ya kwanza. Futa kiungio, kizungushie karatasi kavu, ukikague baada ya saa moja, kisha tena usiku wa manane, kwani watu wakilala msukumo hupanda. Usifukie wala kupiga plasta kabla ya hapo.

Mwombe fundi pia afunge valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma karibu na mita. Bila hiyo, uchafu ulioingia uani kwako unaweza kurudi kwenye bomba la mtaa na kuteremka hadi kwa jirani aliye chini, ambaye viungio vyake vyote ni vizima. Katika nyumba za kupanga, mwenye nyumba na wapangaji wakubaliane mapema nani atagharamia elbo mpya. Bei yake ni ndogo, na wanaokunywa maji hayo ni wengi kuliko wanaoishi humo.