Kabla ya kuleta akili mnemba ofisini, tupange kwanza kabati

Ukitoka Karatu mjini kuelekea Oldeani unapita mashamba makubwa ya kahawa, na huku na huku nyumba za kulala wageni wanaokuja kuitembelea Ngorongoro. Kila shamba lina ofisi, na ofisi nyingi zina kompyuta yenye mafaili ya miaka mingi. Sasa wenye ofisi hizo wanaanza kuulizana kama walete msaidizi wa akili mnemba (wengine husema akili unde), yaani programu unayoiuliza swali kwa maneno ya kawaida nayo ikakujibu, ikakuandikia barua au kukufupishia ripoti. Hata parokiani swali hilo limeshafika. Katika makala haya sitabishana kama chombo hiki ni kizuri au kibaya. Nataka tuangalie kazi ya kufanya kabla hakijafika, kazi ambayo wengi huiruka.

Kwanza tuelewe kinavyofanya kazi. Msaidizi wa ofisini, kama vile Copilot ya Microsoft ikiunganishwa na mafaili ya kampuni, hasomi mawazo ya meneja. Anasoma kile ambacho mtu anayemuuliza ana ruhusa ya kukifungua: barua pepe, majedwali, mikataba, kumbukumbu za vikao. Havunji mlango wowote. Anapita tu milango iliyo wazi, ila anaipita yote kwa sekunde chache. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu katika ofisi nyingi milango yote iko wazi. Nywila ni moja, wanaitumia watu watano, na pengine imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kioo cha kompyuta.

Tuchukue mfano wa ofisi ya shamba la kahawa. Mwaka 2021 kibarua mmoja alileta barua ya hospitali inayoeleza ugonjwa wake, ili apewe kazi nyepesi. Karani akaipiga picha, akaihifadhi kwenye folda inayoitwa MENGINEYO, katikati ya risiti za mbolea na picha za sherehe ya Krismasi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeiona tena. Haikuwa na ulinzi wowote. Fujo ndiyo iliyokuwa kufuli yake. Sasa msaidizi analetwa, na mnyapara mpya anauliza kwa nia njema kabisa: "Ni nani hukosa kazi mara nyingi, na kwa nini?" Jibu linakuja na jina la mtu na jina la ugonjwa wake. Hakuna mwizi aliyeingia, na hakuna sheria ya kompyuta iliyovunjwa na mnyapara. Lakini jioni ile ile habari iko kilabuni, na yule ndugu hawezi tena kupita njiani bila kutazamwa.

Jambo la pili ni ukweli wa kumbukumbu zenyewe. Malipo ya kuchuma kwa debe yanaweza kuwa yameandikwa katika mafaili matatu: la msimu uliopita, la msimu huu, na rasimu ambayo haikukubaliwa. Karani mzoefu anajua lipi ni halali. Msaidizi hajui, isipokuwa mtu amelitenga na kuliandika wazi. Atajibu kwa lugha nzuri na kwa uhakika, hata kama amechukua rasimu.

Majina nayo! Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Emmanuel kwenye cheti cha ubatizo, Emanuel kwenye kitambulisho cha NIDA na Imanueli kwenye daftari la shamba. Mashine inaweza kumhesabu kama watu watatu, au kuwaunganisha watu wawili wanaofanana majina wakawa mmoja. Kwenye orodha ya wageni wa hoteli hilo ni usumbufu. Kwenye michango ya NSSF ni uzee wa mtu. Dawa yake inachosha lakini inajulikana: kila mfanyakazi atambulike kwa namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, na marekebisho yafanywe na mtu aliyekaa na mhusika mwenyewe, si kwa kubahatisha.

Tatu ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume hiyo, kuzitumia kwa lengo lile alilozikusanyia, na kufuata masharti kabla ya kuzipeleka nje ya nchi. Habari za afya, za watoto na za imani ya dini ni taarifa nyeti. Tafakari hilo la mwisho: kwa kipimo hicho, daftari la ubatizo lililo kwenye kabati la paroko ni taarifa nyeti kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kwa mafrateri wanaosoma makala haya, mambo haya si mageni kama yanavyosikika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka nyaraka za jimbo ziwe chini ya ufunguo, na ufunguo wawe nao Askofu na kansela tu (kanuni 487). Kuna pia hifadhi ya siri, ambayo ufunguo wake anao Askofu peke yake, na kila mwaka nyaraka za mashauri ya jinai yanayohusu maadili ziharibiwe ikiwa mhusika amefariki au miaka 10 imepita tangu hukumu, ukibaki muhtasari mfupi (kanuni 489 na 490). Nani anaingia, nani anatunza ufunguo, nini kifutwe na lini: hayo ndiyo maswali ambayo wataalamu wa kompyuta wanayauliza leo. Na kanuni 220 inalinda jina jema la mtu na haki yake ya faragha.

Kwa hiyo frateri aliye katika mwaka wa kichungaji akiombwa aandae ripoti ya parokia, asibandike orodha ya waliochelewa zaka, au barua ya wanandoa wenye shida, kwenye programu ya bure ya simuni. Maandishi hayo yanakwenda kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi na, kutegemea mipangilio, huenda yakatumika kuufundisha mfumo. Tangazo la misa au ratiba ya jumuiya ndogondogo halina shida.

Ofisi iliyo tayari kuanza ianze kidogo. Ichague folda moja iliyokwisha kusafishwa, mathalani taratibu za kazi na bei za msimu huu. Mhasibu aandike maswali 10 ambayo majibu yake anayajua, amuulize msaidizi, kisha akague moja baada ya jingine. Pia ajaribu kuuliza asiyopaswa kujibiwa: mshahara wa mwenzake, ugonjwa wa fulani. Likija jibu, kazi isimame, mlango utafutwe na ufungwe. Na awepo mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kusema "zima" bila kusubiri kikao.

Halafu kuna daftari la mnyapara, lile la karatasi, lenye madoa ya kahawa na penseli iliyofungwa kwa kamba. Humo ndimo madebe ya leo yameandikwa. Mpaka mtu akae na kuyaingiza kwenye kompyuta kwa usahihi, mbele ya wachumaji wanaoweza kusema "hapana, yangu yalikuwa saba", msaidizi hawezi kujua nani alichuma nini leo Oldeani.