Kutoka Kasulu hadi theluji ya Utah: Kwa nini mzazi analazimika kutoka nje na watoto

Saa kumi na mbili asubuhi Kasulu, simu inalia. Ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Kwake yeye ni saa mbili usiku, tena ya jana.

"Ndugu yangu, leo nimebiringika na watoto kwenye theluji mpaka kofia imepotea!" Anacheka hadi anakohoa. Nyuma yake nasikia watoto wakibishana nani alianguka mara nyingi.

Huyu ni rafiki yangu, Mkongo wa Fizi, aliyekaa kambi ya Nyarugusu zaidi ya miaka kumi kabla ya kupelekwa Marekani na familia yake. Baridi yake ya kwanza kule haikuwa na kicheko. Novemba mpaka Machi alikuwa akitoka kwa mambo mawili tu: kazi na chakula. Watoto walitoka shule, wakala, wakashika simu, wakalala. Mapazia yamefungwa muda wote.

"Tulikuwa wanne ndani ya nyumba moja, lakini hatukai pamoja," aliniambia siku moja. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Sio yeye peke yake

Watu wengi waliopita kambi za Kasulu na Kibondo leo wanaishi kwenye miji yenye theluji. Kuanzia 2007, Marekani ilipokea zaidi ya Warundi 8,000 kati ya wale waliokimbia nchi yao mwaka 1972 na waliokuwa kwenye kambi za Tanzania. Kisha 2015 ukaanza mpango mkubwa wa kuwahamishia Marekani Wakongo wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996.

Wengine walitua sehemu zenye joto, kama Texas na Arizona. Wengine walitua Utah, Idaho, Colorado na Montana, kwenye milima. Wapo pia waliokwenda Kanada, na huko baridi siyo mchezo.

Kwa hiyo ukiona hapa mjini mtu anamwonyesha mwenzake video ya mtoto anayeteleza kwenye kilima cheupe, usidhani ni sinema. Mara nyingi ni mpwa wake.

Mwinuko uleule, hali ya hewa tofauti

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Salt Lake City iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kasulu nayo iko karibu hapohapo. Sasa kwa nini kwao theluji, kwetu migomba?

Jibu ni jua. Kasulu iko digrii nne na nusu tu kusini mwa Ikweta, hivyo jua linatupiga karibu wima mwaka mzima, na mchana wetu haubadiliki sana: kama saa 12 kila siku. Salt Lake City iko karibu digrii 41 kaskazini. Desemba jua linapita chini chini, halina nguvu, na linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Ardhi inapoa kwa muda mrefu kuliko inavyopata joto.

Ndiyo maana huku Afrika Mashariki theluji ya kudumu unaipata juu sana, kama kileleni mwa Kilimanjaro chenye mita 5,895. Sisi wa Kigoma wengi tumeiona hiyo kwenye noti na kalenda tu.

Utah ina jambo la pili: milima ya Wasatch imesimama kama ukuta nyuma ya mji. Mawingu yenye unyevu yanatoka upande wa bahari ya Pasifiki, yanagonga milima, yanapanda, yanapoa, yanamwaga. Mjini theluji ya msimu mzima ikijumlishwa inazidi mita moja. Lakini kule Alta, chini ya saa moja kwa gari kutoka mjini, hujumlishwa zaidi ya mita 12 kwa msimu.

Na wenyeji hawaichukii. Mamlaka za jimbo hilo zinasema takriban asilimia 95 ya maji yao hutokana na theluji ya milimani inayoyeyuka taratibu kuelekea kiangazi. Kwao ni masika yaliyohifadhiwa mlimani.

Tulizoea kuishi uani

Tuseme ukweli. Maisha ya Kasulu na Kibondo yako nje. Jiko liko nje, maharage yanachambuliwa nje, mgeni anawekewa kiti chini ya mwembe. Mtoto anarudi ndani kula na kulala. Hata kambini, pamoja na shida zake zote, mzazi alijua mtoto wake yuko na nani kwa sababu majirani wote wanaona.

Ukihamia ghorofa ya pili ya jengo la kupanga, uani hakuna. Ikija baridi, mlango unafungwa. Baba anafanya kazi usiku, mama asubuhi. Watoto wanajifunza Kiingereza haraka, wanapata marafiki shuleni, na marafiki hao wikiendi wanakwenda mlimani. Mtoto anaomba kwenda. Mzazi anaogopa, anakataa. Mtoto anaacha kuomba.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa maoni yangu. Mtoto anajenga maisha yake ya miezi mitano bila wewe, na lugha ya maisha hayo huijui.

Rafiki yangu alishtuka siku mwanawe wa darasa la nne alipomwambia, "Baba, wewe hujui theluji." Alisema kweli. Basi Jumamosi iliyofuata akamwambia, "Haya, nifundishe."

Kwanza nguo

Wageni wengi wanakosea hapa, halafu wanaapa hawatatoka tena. Wanavaa jinzi, fulana mbili za pamba na jaketi kubwa, na baada ya nusu saa wanatetemeka.

Tatizo ni pamba. Pamba ikinyonya jasho au theluji iliyoyeyuka, inabaki mbichi na inakuvuta joto. Wenyeji huvaa tabaka tatu. La kwanza linagusa ngozi, liwe la sufu au poliesta, sio pamba. La pili ni la kutunza joto, kama sweta nene. La tatu ni la nje, linalozuia maji na upepo, pamoja na suruali yake. Ukiona joto, vua moja kabla hujatoa jasho. Jasho kwenye baridi ni adui.

Viatu visibane. Watu huvaa soksi tatu ndani ya kiatu kidogo wakidhani wanaongeza joto, kumbe wanazuia damu isifike vidoleni. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko zile za kidole kimojakimoja, maana vidole vinapashana.

Gharama? Kule kuna maduka ya mitumba kama soko letu tu, na watoto wanakua haraka hivyo nguo zao ziko nyingi. Na hili linanichekesha: yale majaketi mazito ambayo bodaboda wa Kasulu wanavaa kinyumenyume alfajiri kukata upepo, mengi yameshonwa kwa ajili ya milima ya aina hiyo. Jaketi limekuja huku, mwenye kulihitaji kaenda kule.

Jambo moja la gari, na hili lizingatie ukiwa na ndugu mwenye mtoto mdogo: mtoto asifungwe mkanda kwenye kiti chake akiwa na jaketi nene. Gari likigonga, jaketi linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mvue, mfunge mkanda, kisha mgeuzie jaketi mbele kama blanketi. Ndiyo, kama bodaboda.

Kilima hakihitaji tiketi

Kuteleza kwa skii ni ghali. Tiketi ya siku moja kwenye vituo vikubwa inaweza kuzidi dola 100 kwa mtu mmoja, bado kukodi vifaa. Kwa familia ya watu sita inayolipa kodi ya nyumba na kutuma hela nyumbani, hiyo ni ndoto.

Lakini kuna sledi, kibao cha plastiki unachokalia na kushuka nacho kilima. Ni bei ndogo, na bustani ya umma haina kiingilio. Salt Lake City, Sugar House Park inajulikana kwa hilo. Theluji ikianguka tu, vilima vyake vinajaa familia.

Mtoto aliyekulia vilima vya Heru Juu akiteleza kwa gamba la mgomba au kipande cha dumu, huyo hahitaji mwalimu. Rafiki yangu anasema siku ile ya kwanza aliwashinda watoto wote wa kilimani, na mwanawe akaanza kuwaambia wenzake, "Huyo ni baba yangu."

Kanuni zipo. Kaa, miguu itangulie, usilale kichwa mbele. Chagua kilima ambacho chini hakuna barabara, miti wala bwawa. Ukimaliza kushuka, panda kwa pembeni. Kofia ngumu kwa mtoto ni lazima, hata kama wengine hawavai. Na ukitembea penye barafu, tembea kama bata: hatua fupi, mwili umeinama kidogo mbele, mikono nje ya mifuko.

Kingine ni jua. Theluji inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wake, hivyo macho yanaumia hata siku ya baridi kali. Miwani ya jua si urembo. Kwa upande mwingine, sisi wenye ngozi nyeusi tukikaa ndani majira yote ya baridi tunaweza kupungukiwa vitamini D, jambo la kumuuliza daktari, hasa kwa watoto na wajawazito.

Siku za kubaki ndani

Sio kila siku ni ya kutoka. Salt Lake City imekaa bondeni kama bakuli. Katikati ya baridi, hewa ya baridi hunaswa chini na hewa yenye joto hukaa juu kama mfuniko. Moshi wa magari na majiko hauna pa kwenda. Mji unakuwa kijivu kwa siku kadhaa, na wenye pumu wanateseka. Siku hizo wenyeji huangalia kiwango cha hewa kwenye simu kabla ya kuwatoa watoto. Ajabu ni kwamba mara nyingi ukipanda mlimani unalitoboa lile wingu na kukuta jua na anga la buluu.

Lakini mlima mrefu nao una kifo chake. Theluji iliyolala kwenye mteremko mkali inaweza kukatika na kuporomoka na tani kwa tani, ikafukia mtu ndani ya sekunde. Kituo cha Utah Avalanche Center hutoa utabiri wa hatari hiyo bure. Familia ngeni ibaki kwenye bustani na njia zinazotunzwa. Hakuna aibu.

Dalili za mwili kuzidiwa na baridi ni hizi: kutetemeka bila kukoma, ulimi mzito, kuchanganyikiwa, usingizi. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla huku bado ana baridi, hajapona, amezidiwa. Piga 911.

Kidole au sikio likifa ganzi na kugeuka rangi (kwa ngozi nyeusi huonekana kijivujivu), ingieni ndani. Usisugue, wala usiweke karibu na moto, maana halihisi na litaungua. Tumia maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ganzi isipoisha au malengelenge yakitoka, nendeni hospitali.

Na tafadhali, hili wengi tunalijua kwa misiba ya kwetu: jiko la mkaa lisiingizwe ndani kupasha joto. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Vivyo hivyo usiwashe gari kabla hujaondoa theluji iliyoziba bomba la moshi.

Waliobaki huku

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zinasubiri ndugu zao kutoka Nyarugusu na Nduta zimebaki zinatazamana kwenye skrini. Mama mzazi wa rafiki yangu ni mmoja wa waliobaki. Picha za theluji anazotumiwa ndizo kilima pekee anachokifahamu cha wajukuu wake.

Mwanzo alikuwa analalamika. "Unawatupa watoto kwenye barafu, unataka wafe?" Siku hizi anatoa maelekezo. Anauliza kama wamevaa kofia, kama wamekunywa uji kabla ya kutoka, na nani amemshika mdogo mkono.

Wiki iliyopita nilimpelekea simu aone video mpya. Kilima cheupe, watoto wanne juu ya sledi mbili, na nyuma yao mwanawe anakimbia na kelele za Kibembe. Akaitazama mara tatu. Kisha akaniambia nimwandikie ujumbe: chupa ya mawese waliyobeba isiwekwe karibu na dirisha, itaganda, na wakija na njaa watashindwa kuimimina.

Jibu lilirudi palepale. Ilikuwa imeshaganda.