Windows 11 imeikataa kompyuta yako? Bado ina kazi ya kufanya

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Kompyuta hazikuzimika siku ile, ndiyo maana wengi hawakushtuka: unaiwasha asubuhi, inawaka, Word inafunguka, kazi zinaendelea.

Hatari haionekani kwa macho. Windows 10 na 11 ni ndugu wa damu, sehemu kubwa ya msimbo wao ni mmoja. Kila Microsoft inapoziba tundu kwenye Windows 11, wahalifu hulinganisha faili za kabla na za baada ya marekebisho, wakajua tundu lilikuwa wapi, kisha wakaenda kulitafuta kwenye Windows 10 ambayo haijazibwa.

Mbona basi watu wasihamie 11? Kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Chukua HP EliteBook 840 G3 au Lenovo ThinkPad T460, mashine za mtumba ambazo mafundi wetu wanazijua vizuri. Zina prosesa za kizazi cha 6. Kuandika, kupiga hesabu, kufanya mkutano wa mtandaoni, vyote zinaviweza, ila kwenye orodha ya Microsoft hazimo. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa njia za panya, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba marekebisho yataendelea kuingia. Akitumia na programu ya kuvunja leseni, huenda kirusi kikaingia nayo siku hiyo hiyo.

Njia nyingine ni kuiacha Windows na kuweka mfumo endeshi mwingine, Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma msimbo, kuubadili na kuugawa, kwa hiyo makundi mbalimbali yamekichukua kiini hicho na kukifungasha pamoja na programu nyingine, kila kundi kwa ladha yake. Vifurushi hivyo huitwa distro, na vipo mamia. Hapo ndipo mgeni anapokwama: anatazama video juma zima, anamaliza bando, na bado hajachagua.

Mimi ningemwambia achukue Linux Mint, afunge mjadala. Imejengwa juu ya Ubuntu, distro iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na aliyezoea Windows haimsumbui: menyu iko chini kushoto, saa chini kulia. Mint 22 itapata marekebisho hadi 2029. Kama mashine ina RAM ya GB 8, pakua toleo la Cinnamon. Kama ni GB 4, Xfce ni jepesi zaidi. Fedora nayo ni nzuri, lakini toleo lake moja huhudumiwa kwa takriban miezi 13 tu, na anayeanza hahitaji pilikapilika hizo.

Swali zito ni kazi unayoifanya. Mhasibu anayetegemea QuickBooks ya kwenye kompyuta, au mbunifu anayeishi ndani ya Photoshop, abaki Windows. Programu hizo hazikutengenezewa Linux. Wa barua, ripoti na majedwali atatumia LibreOffice, inayofungua faili za Word na Excel, ingawa jedwali lenye mbwembwe linaweza kusogea na makro za Excel zikagoma. (LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice, ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitolea toleo la Kiswahili mwaka 2004, Jambo OpenOffice.)

Uzuri ni kwamba unaweza kuijaribu kabla ya kufuta chochote. Pakua faili la Mint kutoka tovuti yao rasmi. Lina karibu GB 3, hivyo subiri bando la usiku. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama unavyonakili filamu hakutoshi, na vilivyomo kwenye flashi vitafutika vyote. Chomeka flashi, washa mashine huku ukibonyeza F12 kwenye ThinkPad, au Esc kisha F9 kwenye HP, uchague flashi. Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski.

Usiupime wepesi wake hapo, maana flashi ni nzito. Pima vifaa. Unganisha Wi-Fi. Piga muziki usikie spika. Fungua kamera. Funika laptopu, ifunue, uone kama inaamka. Chapa ukurasa mmoja kwa printa yako. Kama kuna projekta kazini, nenda na laptopu ukaijaribu huko. Kitakachogoma hapa ndicho kitakachokusumbua baadaye, na Wi-Fi ndiyo mkorofi wa kwanza, hasa zile za Broadcom.

Ukiridhika, nakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje, uzifungue ili uhakikishe zipo. Wengi hushauriwa kuweka mifumo miwili kwenye diski moja. Inawezekana, lakini kama Windows imefunga diski kwa BitLocker na huna ule ufunguo wa tarakimu 48, unaweza kujifungia nje ya mafaili yako mwenyewe. Mimi napendelea kumpa fundi SSD nyingine aifunge ndani, na ile ya Windows iwekwe kabatini. Ukishindwa, unairudisha. Baada ya hapo, washa tena kwa ile flashi ufungue kisakinishi cha Mint, na kikiuliza kama kifute diski nzima, unakubali bila moyo kudunda.

Siku ya kwanza fungua kidhibiti cha masasisho uyaingize yote. Kisha washa Timeshift, programu inayopiga picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa jana. Ila kwa kawaida Timeshift haigusi nyaraka zako, kwa hiyo ile diski ya nje iendelee kutumika.