Filamu Moja, Mauzo Mawili

Agosti 2002, kampuni ya New Line ilitoa DVD ya The Fellowship of the Ring, filamu ileile ya dakika 178 iliyojaza kumbi za sinema tangu Desemba. Ilipofika Novemba ikatoa nyingine: diski nne, dakika 208, pamoja na muziki wa ziada ambao Howard Shore aliutunga kwa ajili ya vipande vilivyorudishwa. Kampuni haikuficha kwamba ya pili inakuja, na wapenzi wengi wa filamu hiyo walinunua zote mbili.

Biashara ya matoleo marefu imesimama juu ya hesabu rahisi. Ukumbini, urefu ni hasara. Filamu ya saa mbili inaweza kuonyeshwa mara tano kwa siku kwenye skrini moja. Ya saa tatu na nusu itaonyeshwa mara tatu, na tiketi kwa kawaida ni bei ileile. Sebuleni hakuna ratiba inayobana. Dakika zilizokuwa mzigo zinageuka bidhaa, tena bidhaa ambayo gharama ya kuirekodi ilishalipwa zamani.

Ndiyo maana mkasi wa studio hauna huruma. Mwaka 2005, Kingdom of Heaven ya Ridley Scott, kisa cha Vita vya Msalaba kilichogharimu takriban dola milioni 130, iliingia kumbini ikiwa na dakika 144. Marekani ilikusanya kama milioni 47 tu. Kilichokatwa hakikuwa pambo. Mtoto wa Sibylla, anayerithi ufalme wa Jerusalem kisha akagundulika ana ukoma, aliondolewa kabisa, na mama yake akabaki mwanamke anayesononeka bila sababu ya kueleweka. Toleo la dakika 194, lililofika kwenye DVD mwaka uliofuata, lilimrudisha, na filamu ikaeleweka. Hilo ndilo lililostahili kuuzwa kwanza, lakini sifa zilipokuja, msimu wa tiketi ulikuwa umekwisha.

Si kila toleo linalipa deni la namna hiyo. Alien, filamu ya Scott ya mwaka 1979, ilirudi kumbini 2003 kwa jina la toleo la mwongozaji, nalo ni fupi kuliko la awali kwa takriban dakika moja! Scott mwenyewe alieleza kwamba kazi ya kwanza ilimridhisha, na kwamba jina hilo liliwekwa kwa ajili ya soko. Ni nadra muuzaji kusema hivyo.

Intaneti imeivuruga hesabu. Justice League ya 2017 ilikuwa na dakika 120, baada ya Zack Snyder kuondoka kutokana na msiba wa familia na Joss Whedon kushika nafasi yake. Mashabiki walilidai toleo la Snyder kwa miaka, hadi huduma ya filamu mtandaoni ya HBO Max ilipolionyesha mwaka 2021: saa nne na dakika mbili, kwa gharama ya ziada inayotajwa kufikia dola milioni 70. Safari hii dakika za ziada hazikuwa za bure, na kilichowindwa ni wateja wa kulipa kila mwezi.

Netflix ikaenda mbali zaidi. Sehemu mbili za Rebel Moon, za Snyder huyohuyo, zilitoka Desemba 2023 na Aprili 2024. Agosti yakafuata matoleo marefu ya zote mbili, yenye damu nyingi zaidi, yaliyokuwamo kwenye mpango tangu mapema. Hapakuwa na ratiba ya ukumbi ya kusingiziwa. Aliyetaka hadithi nzima alipaswa tu kuwa bado analipa ada mwezi huo.