Gauni la Manjano Katikati ya Ghasia

Sinema iitwayo Medium Cool, aliyoitunga na kuiongoza Haskell Wexler na ikatoka mwaka 1969, haianzi kwa maandamano wala kwa hotuba za wakuu, bali kwa ajali ya gari kando ya barabara kuu. Mwanamke yupo hapo hajiwezi, na wanaume wawili, mmoja kabeba kamera na wa pili kinasa sauti, wamzunguka wakimpiga picha kwa utulivu wa fundi apimaye ubao. Hata walipokwisha kupata walichokitaka, wakarudi garini mwao, ndipo walipokumbuka kwamba yafaa kuita gari la wagonjwa. Kama yupo mtazamaji ambaye hajapata kujiuliza mwenye kamera ana dhima gani kwa majeruhi aliye mbele yake, basi ameulizwa kabla hajakaa sawasawa kitini.

Wexler aliijua kazi ya kamera nje na ndani. Alizaliwa Chicago mwaka 1922, na upigaji picha wake katika Who's Afraid of Virginia Woolf? ulikuwa umekwisha kumpatia tuzo ya Oscar. Kampuni ya Paramount ilimpa riwaya ya mtoto na wanyama ili aifanye sinema. Yeye akamhifadhi mtoto, akamwachia na njiwa wake, na yaliyosalia akayaweka kando, kwa maana mwaka ule wa 1968 mambo ya Marekani hayakumruhusu mtu mwenye macho kushughulika na ngano. Martin Luther King aliuawa Aprili, Robert Kennedy akauawa Juni, vita vya Vietnam vikiendelea kula vijana, na mwishoni mwa Agosti Chama cha Democratic kilikuwa kifanye mkutano wake mkuu Chicago kumteua mgombea urais, ilhali wapinga vita wameapa kuja na Meya Richard Daley ameapa kutowavumilia. Dalili ya mvua ni mawingu: Wexler akatunga kisa chake kifikie kilele ndani ya siku zile zile, bila ya kujua, wala yeyote kujua, siku hizo zitaleta nini.

Kabla ya Agosti aliwapiga picha askari wa akiba wakifanya mazoezi ya kuzima fujo, baadhi yao wakijitia kuwa waandamanaji, wakipiga makelele kwa bashasha, na wenzao wakiwakabili. Hapo ndipo nisitapo kila niitazamapo, maana mtu wa sinema amekwenda kutafuta ukweli na amekuta maigizo, na waigizaji wenyewe ni dola.

Kisa chenyewe ni chepesi. John, mpiga picha wa televisheni aigizwaye na Robert Forster, agundua kwamba kituo chake huwapa wapelelezi wa FBI picha azipigazo; afukuzwa kazi; aingia katika mahaba na Eileen, mwalimu aliyetoka West Virginia na kuhamia Uptown, mtaa wenye mafukara wengi wa Kizungu waliotoka milimani. Verna Bloom ndiye Eileen, walakini mwanawe ni mtoto wa mtaa uo huo, si mwigizaji wa kazi. Mtoto apotea, na mama, amevaa gauni la manjano, atoka kumtafuta.

Hapo kisa na dunia vyakutana. Bloom alitembea katikati ya umati wa kweli, kando ya askari wa kweli na magari ya jeshi yaliyofungwa seng'enge mbele, ilhali virungu vyapasua vichwa vya watu ambao hawakuwa na habari kwamba bibi huyu atafutaye kwa macho ni mwigizaji. Tume iliyochunguza ghasia hizo iliyaita matendo yale fujo za polisi. Rangi ile ya manjano haipotei. Katika maelfu ya watu jicho humfuata yeye tu, na kwa kumfuata hupita juu ya majeraha ya wengine. Nami nakiri kwamba mara ya kwanza nilimhofia mtoto wa hadithi kuliko vijana niliowaona wakivuja damu, ambao hawakuwa hadithi. Sikumbuki sinema nyingine iliyonifedhehesha kwa upole kiasi hicho.

Sisi wa pwani hii tunayo sababu ya kulipima jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa Africa Addio, ambamo mna picha zilizopigwa kutoka angani za maiti wa mapinduzi ya Unguja, Januari 1964. Sinema ile yajidai kuwa yote ni ushahidi. Ila Jacopetti alituhumiwa kwao Italia kwamba mauaji fulani ya Kongo yalingojezwa kamera, na ingawa aliondolewa hatia, shaka ile imeambukiza hata picha ambazo zingestahili kuaminiwa, za Unguja zikiwamo. Wexler hakuficha kwamba anatunga. Na kwa kuwa hakuficha, damu ya Chicago haina wa kuikanusha.

Walakini naye si malaika. Kuna mahali bomu la machozi laanguka mbele ya kamera, na sauti yamwonya Haskell kwa jina lake ajihadhari, maana hili ni la kweli. Wengi wameishika sauti hiyo kuwa ndipo ukuta wa sinema ulipopasuka. Moshi ulikuwa wa kweli. Sauti ilitiwa baadaye.

Wenye kuzipanga sinema kwa umri wa watazamaji waliipa alama ya X, na Wexler alishikilia kwamba iliyowachukiza ni siasa, si uchi. Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha ya sinema za kuhifadhiwa.

Mwishoni John na Eileen wamo garini. Redio yatangaza ajali yao kabla haijatokea, kisha gari lagonga mti. Gari jingine lapita, mtoto dirishani apiga picha moja, na dereva hasimami. Kamera yarudi nyuma, na huku sauti za umati zikilia kwamba dunia nzima yatazama, twamwona Wexler mwenyewe nyuma ya kamera yake. Aigeuza taratibu, na tundu jeusi la lenzi latuelekea sisi.